Maswali mawili yanayokosekana kliniki ya presha: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa,
Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti na maafisa wake,
Kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti,
Nakala kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Salaam aleikum, na kwenu nyote salamu za heshima.

Nimekuwa muuguzi katika vituo vya afya vya umma vya mji huu hadi nilipostaafu, na miaka yangu mingi niliimaliza kwenye kliniki ya presha na sukari. Nawaandikia juu ya jambo moja. Mgonjwa wa presha, wa sukari, wa moyo au aliyepatwa na kiharusi huja kwetu, akapimwa presha, akadungwa kidole, akapanda mizani, akaandikiwa dawa na tarehe ya kurudi, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza usiku analala vipi, wala kama bado anaona raha ya kitu chochote. Naomba aulizwe. Naomba jibu lake liandikwe kwenye kadi pamoja na presha yake, na akikutwa ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, atibiwe palepale na watu walewale.

Najua wako watakaosema hayo ni mambo ya wagonjwa wa akili, na wao wana wadi yao Port Reitz. Nimeyasikia maneno hayo miaka yote ya kazi. Kwa hivyo nitaeleza kwanza kwa nini haya ni mambo ya moyo na mishipa ya damu, kisha nije kwenye dawa, sheria na pesa.

Mtu wa kwetu mwenye sonona haji akasema ana sonona. Husema, "Moyo wanienda mbio." Husema kifua chambana, usingizi umemkataa, mwili hauna nguvu, chakula hakipiti. Wengi husema tu, "Nina mawazo," wakanyamaza. Wanaume ndio huficha zaidi. Na foleni ile mnaijua: wa Likoni amevuka feri alfajiri, wa Jomvu amepanda matatu mbili, watu wamebanana kwenye benchi, na muuguzi mmoja ana kadi zimejaa meza. Mgonjwa akisema moyo unaenda mbio, presha hupimwa tena, ikikutwa juu dawa huongezwa. Swali linalofuata halina nafasi kwenye fomu, basi haliulizwi.

Nakumbuka baba mmoja, mpakuzi wa zamani wa bandarini. Presha yake ilikuwa haishuki. Aliongezewa kidonge cha pili, kisha cha tatu. Siku moja kijana wetu, afisa wa kliniki aliyekuwa mgeni kazini, alimuuliza habari za nyumbani, akavuta kiti kabisa kumsikiliza. Mzee akasema hajameza dawa tangu amzike mwanawe. "Nimeze ili iweje?" Hakuwa mbishi, wala hakuwa amesahau. Alikuwa na ugonjwa wa pili, na huo wa pili ndio uliokuwa ukiuendesha ule wa kwanza.

Si jambo la Mombasa peke yake wala si la juzi. Mwaka 1993, kule Montreal, Kanada, watafiti walichapisha habari za wagonjwa 222 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo. Waliwauliza juu ya sonona wakiwa bado wodini, wakawafuatilia miezi sita. Waliokuwa na sonona kali walikufa kwa kiwango kilichozidi mara kadhaa kile cha wenzao, hata baada ya kuhesabu ukali wa ugonjwa wa moyo wenyewe. Mwaka 2004 ukatoka utafiti mkubwa wa INTERHEART, uliokusanya watu wa nchi 52, Afrika ikiwemo, na mzigo wa mawazo na huzuni ukahesabiwa miongoni mwa mambo tisa yanayoeleza sehemu kubwa kabisa ya mishtuko ya moyo duniani, pamoja na sigara, presha, sukari na mafuta ya damu. Ilipofika 2014, Shirika la Moyo la Marekani likapendekeza rasmi kwamba sonona itambuliwe kuwa kisababishi cha hatari kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo.

Sasa huzuni inaufikiaje mshipa wa damu? Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye hoja.

Mtu akijikata kidole, pale alipojikata hupata joto, pakawa pekundu, pakavimba. Hiyo ndiyo inflamesheni. Seli nyeupe za damu zimefika, nazo hutoa kemikali za kuitana zinazoitwa saitokini. Mojawapo ni interlukini-6, ambayo ikifika kwenye ini, ini hutoa protini iitwayo CRP, na hiyo tunaweza kuipima kwenye damu. Kidonda kikipona, kazi huisha na kila kitu hurudi mahali pake. Ni kinga nzuri aliyotupa Mwenyezi Mungu.

Shida huja pale inflamesheni inapobaki kidogo kidogo mwili mzima, bila kidonda wala homa. Utafiti mwingi uliokusanywa pamoja umeonyesha kwamba watu wenye sonona, kwa wastani, wana interlukini-6 na CRP nyingi kuliko wasio nayo. Takribani robo yao CRP hupita miligramu 3 kwa lita, kiwango ambacho madaktari wa moyo hukihesabu kuwa cha hatari. Takribani robo, si wote, ndiyo maana siombi kila mgonjwa apimwe CRP, wala kipimo hicho hakiwezi kumwambia mtu kwamba ana sonona. Naomba tu ieleweke kwamba mtu mwenye huzuni nzito ya muda mrefu huenda damu yake inabeba dalili ya inflamesheni tunayoweza kuipima kwa mashine, na inflamesheni hiyo inadhuru mishipa.

Inadhuru vipi? Zamani tulifundishwa kwamba mafuta huganda ndani ya mshipa hadi damu ikakosa njia. Ni nusu ya habari. Mafuta huingia ndani ya ukuta wa mshipa, seli nyeupe zikayafuata na kuyameza, ukuta ukawa na inflamesheni, na utando unaofunika pale ukadhoofika. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake kwa muda mfupi. Ikiwa ni mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni mshipa wa ubongo, ni kiharusi. Mwaka 2017 utafiti ulioitwa CANTOS, wenye wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, uliwapa baadhi yao dawa inayozuia inflamesheni bila kugusa mafuta ya damu. Mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 15 kwa dozi iliyofaa zaidi. Dawa ile ni ya bei kali mno, tena iliongeza vifo vya maambukizi, kwa hivyo siyo ninayoiomba. Naitaja kwa sababu ilithibitisha kwamba inflamesheni yenyewe inachangia ugonjwa wa mishipa, si moshi tu wa moto mwingine.

Na njia hii inapitika pande zote mbili. Wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walipokuwa wakitibiwa kwa interferoni, dawa inayochochea kinga ya mwili, wengi wao walizama kwenye sonona katikati ya matibabu. Maana yake mwili unaweza kuiangusha nafsi ya mtu kama vile huzuni inavyoweza kuuangusha mwili. Mgonjwa aliyetoka wodini baada ya mshtuko wa moyo amebeba yote mawili, naye tunamrudisha nyumbani na karatasi ya dawa ya moyo peke yake.

Ziko njia nyingine pia: homoni ya kotisoli inayokaa juu usiku na mchana, mapigo ya moyo yanayokosa kupanda na kushuka kama inavyotakiwa, chembe za kugandisha damu zinazonata upesi. Lakini iko moja ninayoiamini kuliko zote kwa niliyoyaona Mombasa, nayo haihitaji maabara. Mtu mwenye sonona hamezi dawa. Hatembei. Akivuta sigara huvuta zaidi, akitafuna muguka, yale majani ya kuchangamsha, hutafuna hadi usiku wa manane. Utafiti wa California uliotoka 2008, wenye wagonjwa wa moyo 1,017, ulikuta kwamba sehemu kubwa ya hatari inayoletwa na sonona ilipitia kwenye tabia kama hizi, hasa kukaa bila kufanya mazoezi. Yule mzee wa bandarini ni ushahidi wa kunitosha mimi, lakini nyinyi mnastahili tarakimu.

Nitasema na lile lisilonisaidia, maana maofisini kwenu wamo watakaolileta. Mwaka 2003 utafiti wa ENRICHD, wagonjwa 2,481, uliwatibu sonona watu waliotoka kupata mshtuko wa moyo. Huzuni ilipungua, vifo havikupungua. Baadaye, 2018, Korea Kusini walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 300 wa moyo wenye sonona, baadhi yao wakapewa dawa ya sonona, wote wakafuatiliwa miaka mingi, na kwa waliopewa dawa matukio ya moyo yalipungua. Kwa hivyo sitawaahidi kwamba kila shilingi itakayotibu sonona itazuia kiharusi kimoja. Ninachowaambia ni kwamba sonona ni ugonjwa kamili, unatibika, unawaua watu kwa njia zake wenyewe, na wagonjwa wanaoubeba wameketi tayari kwenye benchi zenu kila kliniki. Hakuna haja ya kwenda kuwatafuta. Kwangu hilo latosha hata kama utafiti wa 2003 ungekuwa ndio pekee duniani.

Na msidhani ni kundi dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa. Halafu tazameni mji wetu. Tangu reli mpya ianze kupeleka makontena Nairobi, ni nyumba ngapi za madereva wa malori, makarani wa yadi, wapakuzi na mama wa vibanda vya chakula Changamwe na Mikindani zilizopoteza riziki? Ni mama wangapi wanaolala macho wakimsubiri kijana aliyeshikwa na unga wa kulevya? Watu wa mji huu wana sababu za kuwa na mawazo, na wana chumvi, mafuta na sukari ya kutosha kwenye sahani zao. Viwili hivi vimekutana ndani ya mwili mmoja.

Naja kwenye dawa, kwa sababu hapa kuna hatari ambayo haisemwi. Katika vituo vyetu vingi vya umma dawa ya sonona iliyozoeleka ni amitriptilini. Ni dawa ya kale na ya bei nafuu, na kwa watu wengi inafaa. Lakini kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo inaweza kuvuruga mpigo wa moyo, na ikimezwa nyingi kwa pamoja inaua. Kwa hiyo hata pale mhudumu mwenye huruma anapotambua sonona kwa mgonjwa wa moyo, mkononi ana kidonge ambacho pengine asimpe mtu huyo. Sertralini ilijaribiwa kwa wagonjwa 369 waliotoka kupata mshtuko wa moyo au maumivu ya kifua ya hatari, matokeo yakachapishwa 2002, na ikaonekana ni salama kwa moyo. Fluoksetini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zote mbili hazina mwenyewe tena, zinatengenezwa na viwanda vingi. Naomba ziwe kwenye duka la dawa la kila hospitali ya kaunti ndogo, Tudor, Likoni, Port Reitz, na zisikosekane wiki tatu kila mwezi, kwa sababu dawa ya sonona ikikatizwa ghafla humrudisha mtu nyuma.

Maswali yenyewe ni mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni, umevunjika moyo au umekata tamaa? Kila jibu lina alama kutoka 0 hadi 3. Akifika 3 kwa jumla, anaulizwa maswali tisa, na la tisa linagusa mawazo ya kujidhuru. Tafsiri ya Kiswahili ipo na imetumika. Muuguzi aliyezoea huyamaliza mawili yale huku mashine ya presha ikivuma.

Lakini hayaulizwi mbele ya benchi zima. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndilo litakaloharibu mpango wote likipuuzwa. Hakuna mwanamume wa Kisauni atakayesema mbele ya jirani yake kwamba analia usiku. Hakuna mke atakayetaja kipigo huku wifi yake amekaa kiti cha pili. Kabla ya kununua fomu nunueni pazia, tengeni kona, fungeni mlango. Na anayeuliza afundishwe kunyamaza baada ya swali, asimalizie mgonjwa jibu.

Mtaniambia wahudumu hawatoshi, na ni kweli hawatoshi. Wataalamu wa magonjwa ya akili wa serikali Mombasa ni wachache mno kwa watu zaidi ya milioni moja. Ndiyo sababu siombi mgonjwa apelekwe kwao ila yule aliyezidiwa. Kule Harare, Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda ulifundisha akina nyanya, wahudumu wa afya wa kawaida wa mtaa, kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kuyapanga matatizo yake moja moja. Jaribio lao la watu 573 lilichapishwa 2016, na baada ya miezi sita dalili zilikuwa zimepungua wazi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Sisi watu wa pwani tumezaliwa kwenye baraza. Kinachokosekana ni mafunzo na posho.

Na wa kufundishwa tunao. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari, wanapita nyumba kwa nyumba, Mvita hadi Nyali. Maswali mawili hayaongezi uzito wa mkoba. Maimamu, mapadri na wachungaji nao waitwe mapema, kwa heshima, maana ndio wanaofuatwa kwanza na familia iliyoamini kwamba mtu wao amepandwa na pepo. Kisomo na maombi visikatazwe. Tuombe tu kwamba anayesoma ajue pia pa kumpeleka mtu.

Jambo hili tumeshalifanya, waheshimiwa, kwa ugonjwa mwingine. Ukimwi ulipokuwa ukitumaliza, kliniki za CCC, zile za wenye virusi, ziliwekwa na mshauri nasaha ndani, chumba chenye mlango, na mtu wa kupiga simu mgonjwa asiporudi. Hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu wa vidonge anaulizwa pia habari za nyumbani kwake. Ndivyo watu walivyoendelea kumeza dawa mpaka leo wanalea wajukuu. Mgonjwa wa presha ana kosa gani hata anyimwe utaratibu huohuo?

Sheria nayo mnayo. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Jopokazi la kitaifa la afya ya akili, chini ya Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza 2020 hali hii itangazwe kuwa janga la dharura. Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho 2022 inazitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kwamba kumfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kunakiuka Katiba. Sababu ya kuogopa kuliuliza swali la tisa imeondolewa. Nanyi mnaweza kwenda mbio mkitaka: mwezi wa Mei 2024 amri ya kupiga muguka marufuku ilitoka ndani ya siku chache, na nchi nzima ikawasikia.

Kwa hivyo ombi langu lina tarehe. Waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Naomba katika bajeti inayokuja kuwe na mstari wake wenyewe wa sonona ndani ya kliniki za presha na sukari: mafunzo ya wauguzi na maafisa wa kliniki, dawa mbili nilizotaja, pazia na milango, na safu mbili za ziada kwenye rejista ili tujue waliulizwa wangapi na walitibiwa wangapi. Msipohesabu, mwakani tutabishana kwa kukisia. Kwa SHA, naomba ushauri nasaha unaotolewa ndani ya kliniki hizo ulipiwe kituo kama unavyolipiwa upimaji wa presha, kwa sababu kisicholipiwa hukatwa kwanza siku ya foleni ndefu.

Nikiitwa kutoa maelezo mbele ya Kamati ya Afya nitakuja, na nitakuja na wauguzi wenzangu waliostaafu ambao wako tayari kufundisha bila kudai mshahara. Jibu lenu naliomba kwa maandishi, libandikwe pia kwenye mbao za matangazo za hospitali, ili wagonjwa wenyewe walisome wakisubiri kuitwa.

Wenu katika utumishi,
Muuguzi mstaafu,
Kisauni, Mombasa.